Acheni kuhesabu walinzi wa mitambo ya upepo

Imetokea tena. Mkutano wa hadhara, watu wamejaa, nimemaliza kueleza kasi ya upepo juu mnarani, na mzee mmoja akasimama: "Kijana, mlituahidi ajira maelfu. Mimi naona walinzi wanne na gari moja jeupe." Makofi. Nusura nami nipige.

Mzee yule tulimdanganya sisi wenyewe tunaopanga miradi hii, na vipeperushi vyetu. Lakini imani kwamba faida ya mradi wa upepo kwa eneo hupimwa kwa idadi ya walioajiriwa imenichosha. Wanaoushabikia mradi na wanaoupinga wote wanapimia kwa rula hiyo hiyo iliyopinda.

Ya haraka kwanza. Mwaka 2001 dunia nzima ilikuwa na mitambo ya upepo yenye uwezo wa gigawati kama 24 (gigawati moja ni megawati elfu). Mwaka 2023 ikavuka 1,000. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu iliyomo inakuwa mara nane, ndiyo maana tunagombania kilima kimoja na kukiacha cha pili. Mengine someni vitabuni.

Sasa hizo ajira. Wakati wa ujenzi zipo kweli: wafunga nondo, wamwaga zege, madereva wa malori marefu, wapishi. Mwaka mmoja, miwili. Kreni ikiondoka, nao wanaondoka. Wanabaki mafundi wachache wa kupanda minara, na mtu wa kompyuta ambaye pengine yuko mji mwingine kabisa. Mtambo unaozalisha umeme miaka 20 au 25 bila kununua mafuta hauwezi kuwa na foleni ya vibarua getini. Mnataka ng'ombe atoe maziwa bila kula, halafu mnalalamika kwamba hakuna kazi ya kukata majani.

Na hali itazidi kuwa hivyo. Mradi wa Ziwa Turkana, Kenya, una mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, jumla megawati 310. Kwa mitambo ya megawati tano ingetosha 62. Misingi 62, mafundi wachache zaidi. Kukua huku kwa mitambo tunakokushangilia ndiko kunakopunguza ajira kwa kila megawati. Kipeperushi hakisemi hivyo.

Kuna pia namba ya "ajira zisizo za moja kwa moja". Nimeshiriki kuipika, kwa hiyo nisikilizeni. Unachukua kizidishi, yaani namba inayokadiria kila ajira moja ya mradi inazaa ajira ngapi nyingine kando yake, kilichokokotolewa kwenye uchumi wenye viwanda vya chuma, benki na bima, unakibandika kwenye eneo lisilo na hata kiwanda cha matofali. Kinatoka kitu kizuri chenye desimali mbili. Sijawahi kukiamini.

Pesa inayobaki katika eneo ina milango yake, na wa kwanza ni ardhi. Mitambo na barabara zake hukalia kipande kidogo tu cha eneo la mradi. Mbuzi hula hadi chini ya mnara na kukifuata kivuli chake kinavyohama. Mwenye shamba anaendelea kulima na anapokea pango. Ila kuna pango na pango. La kiasi kisichobadilika linakulinda mwaka wa upepo hafifu, lakini mfumuko wa bei unalitafuna kimyakimya. La asilimia ya mauzo linapanda na kushuka na upepo, na lazima mtu wenu aruhusiwe kusoma mita. Mimi ningedai vyote viwili: kima cha chini, na asilimia juu yake. Tena msimsahau jirani. Mtambo uko kwako, mvumo wa mapanga yake yanayozunguka usiku uko kwa jirani, na hapati hata senti. Huyo ndiye atakayeupinga mradi, na simlaumu.

Ardhi ikiwa ya jumuiya, swali ni nani aliyetia saini. Mradi huo huo wa Turkana, mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi yake zilipatikana kinyume cha utaratibu, wakati mitambo imeshasimama miaka kadhaa.

Mlango wa pili ni umiliki, na hapa ndipo ninapopandisha sauti. Gharama za upepo karibu zote hulipwa mwanzoni, kwa hiyo sehemu kubwa ya mauzo ya miaka ya mwanzo inakwenda kwa mkopeshaji, na inayobaki inamfuata mwenye hisa popote alipo. Denmark, kwa sheria iliyoanza mwaka 2009, mjenzi alilazimika kuwauzia asilimia 20 ya hisa wakazi wa karibu. Kabla ya hapo, Middelgrunden, mitambo 20 baharini mbele ya Copenhagen, nusu yake ilinunuliwa na ushirika wa watu zaidi ya 8,000. Gawio linaingia mifukoni mwa watu wanaoyaona mapanga kutoka ufukweni. Nakiri dosari yake: hisa hununuliwa na mwenye akiba, na asiye nayo anabaki na mandhari.

Kodi za serikali ya mtaa, ndiyo, nazo zimo. Na barabara: kwenye mradi wa Ziwa Turkana kilomita 200 hivi ziliboreshwa ili mapanga yapite, na hakuna aliyeziandika kwenye safu ya ajira.

Haya yote nilimweleza yule mzee, kwa urefu usio wa adabu. Akanisikiliza, kisha akauliza: "Na yakichakaa, atayaondoa nani?" Nikamwambia kweli: mapanga ni ya nyuzi za kioo, kuyachakata upya ni kazi ngumu, na kampuni ya mwaka wa 25 mara nyingi siyo ile iliyokata utepe. Adai fedha za kuyaondoa zianze kuwekwa benki mapema, kwa jina ambalo kampuni haiwezi kuligusa peke yake. Akaomba kalamu, akaandika kiganjani.