Kwa nini TV za jina kubwa zinashindwa na za bei nafuu

Fungua mgongo wa TV ya inchi 55 yenye jina kubwa, kisha ufungue ya jina usilowahi kulisikia. Toa bodi, angalia kibandiko nyuma ya kioo. Mara nyingi utakuta vioo vyote viwili vimetoka kwa BOE, CSOT au HKC, viwanda vya Uchina. Kioo ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama ya TV, na siku hizi karibu kila mtengenezaji hukinunua sokoni. Mwenye jina na asiye na jina wanapanga foleni kwenye mlango mmoja.

Ili kuelewa ilivyofika hapa, fikiria fundi cherehani anavyopanga vipande kwenye kitambaa ili mabaki yawe machache. Viwanda vya kizazi cha 8.5 hutumia bamba la kioo la takriban mita 2.2 kwa 2.5. Bamba hilo linatoa vioo sita vya inchi 55 vizuri kabisa, lakini ukikata vya inchi 65 unapata vitatu tu na mabaki ni mengi. Mwishoni mwa 2017 BOE ilianzisha kiwanda cha kizazi cha 10.5 kule Hefei, bamba la mita 2.94 kwa 3.37. Hilo linatoa vioo vinane vya inchi 65, au sita vya inchi 75. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kukaa bure, kwa hiyo vioo hutoka kwa wingi na bei inashuka. Aliyekuwa akiishi kwa faida ya TV kubwa ndiye aliyeumia kwanza.

Majina yalianza kuanguka hata kabla ya hapo. Pioneer, ambayo TV zake za plasma ziitwazo Kuro zilikuwa na weusi wa kupigiwa mfano, ilitangaza mwaka 2009 kwamba inaacha TV. Sony ilijitoa kwenye kiwanda cha vioo ilichomiliki pamoja na Samsung. Panasonic ilifunga plasma mwaka 2013, Sharp ikachukuliwa na Foxconn mwaka 2016, Toshiba ikauza biashara yake ya TV kwa Hisense. Loewe ya Ujerumani ilifilisika 2013, ikainuka, ikafilisika tena 2019. Mwaka 2025 hata LG Display ilikamilisha kuuza kiwanda chake cha Guangzhou cha LCD, yaani vioo vya kawaida vyenye taa nyuma, kwa CSOT. OLED, kioo ambacho kila nukta huwaka yenyewe, bado ni ya Wakorea zaidi, na hapo ndipo majina makubwa yamejishika.

Mimi naamini kosa lao kubwa liko dukani. TV nzuri huuzwa kwa kazi isiyoonekana chini ya taa kali za duka: rangi ya ngozi iliyo sawa, giza lenye maumbo ndani yake, mpira unaokwenda kasi bila kuacha mkia. Ya bei nafuu imewekwa kwenye mwangaza wa mwisho na rangi ya buluu, inang'aa kuliko jirani yake. Mnunuzi huchukua inayong'aa. Na pale tofauti ingeonekana, yaani nyumbani, usiku, kwenye mechi inayotoka king'amuzi kwa picha hafifu, pesa imeshalipwa. TV yenye prosesa nzuri huikuza picha hiyo hadi 4K bila kuifanya uji. Hilo ni jambo la kweli, na linastahili pesa kwa mtu anayetazama mpira kila wiki.

Hapa Malindi lakini kuna hesabu nyingine, ya chumvi na stima. Upepo wa bahari haujali jina. Unyevu wenye chumvi unakula kingo za utepe unaounganisha kioo na bodi zake, kisha unaona mistari ya kusimama kwenye picha. Hapo hakuna tiba ya maana, kwa kuwa bei ya kioo kipya inakaribia bei ya TV. Bodi ikiungua, TV ya bei nafuu mara nyingi hupona kwa bodi ya universal, yaani inayokubali vioo vya aina nyingi: unalinganisha namba ya kioo, unachagua volti sahihi ya kioo (kosea, ukakiunguza), unaweka programu ya ukubwa huo, imewaka. Ya jina kubwa inataka bodi yake yenyewe, na kuipata pwani ni kazi. Ndiyo maana mafundi wengi huwashauri wateja wanunue ya kawaida, na siwalaumu.

Ugonjwa unaoleta TV nyingi mezani ni taa za nyuma ya kioo. Sauti ipo, picha haipo. Mulika kioo kwa tochi kwa ubavu, ukiona picha kwa mbali, taa zimekufa. Zimeungwa kwa mfuatano, moja ikikatika zote zinazimika. Kioo huwaka nusu sekunde kisha giza, kwa sababu kinga ya bodi imejifunga. Badilisha seti nzima, na uangalie kama LED ni za volti 3 au 6 kabla ya kununua. Kioo kinyanyuliwe na watu wawili. Kabla ya kugusa chochote, kumbuka kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme kwenye bodi, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya kuchomoa plagi. Ukiona vidoa vyeupe vya mviringo, hiyo ni lenzi iliyodondoka kwenye LED baada ya gundi kuchoka kwa joto.

Sababu ya yote ni uchache wa taa. Mtengenezaji anapunguza idadi ya LED na kuzisukuma kwa mkondo mkubwa ili mwanga utoshe. Baada ya kubadilisha seti, tafuta rezista ndogo mbili au tatu za kupima mkondo karibu na IC ya taa (chipu inayoziendesha), zilizowekwa sambamba, uondoe moja. Mkondo unashuka, mwanga unapungua kidogo, taa zinadumu. Asiye fundi apunguze mwangaza wa taa kwenye menyu kutoka 100 hadi 60 siku ya kwanza.

Kwa mwenye mgahawa anayeacha kituo cha habari mchana kutwa, asinunue OLED, nembo ya kituo itachoreka kiooni isitoke. Na kwa kila mtu: iachie TV nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani, isitazamane na dirisha la upande wa bahari, na uweke kifaa kinachochelewesha stima dakika chache inaporudi.