Kwa nini naipima shingo ya rubani

Wiki iliyopita nahodha mmoja wa ndege alijilaza kwenye kitanda changu cha vipimo ili nimkague mishipa ya shingo kwa ultrasaundi, akakodolea macho dari na kuniambia, "Daktari, ukiona kitu hapo, mimi nimekwisha." Ana miaka 58. Sikumlaumu. Rubani mzee huona kila kipimo kipya kama mtego wa kumnyang'anya leseni.

Swali lake la pili lilikuwa zuri zaidi: kama tunauogopa moyo, shingo ina kosa gani? Ateri za moyo, yaani mishipa inayoupelekea damu, ni nyembamba, zimejificha kifuani na hazitulii, kwa hiyo ultrasaundi ya juu ya ngozi haizikagui ipasavyo. Za shingoni ziko karibu kabisa na ngozi. Na ugonjwa huu wa mafuta kuganda ukutani mwa mishipa, tunayoyaita plaki, kwa kawaida hauishii mahali pamoja. Anayekutwa nayo shingoni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo moyoni. Mimi huteremka hadi kinenani pia, ingawa wengine hupaona pa aibu, maana mara nyingi plaki huonekana huko wakati shingo bado safi.

ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ya mtu aliyepumzika inaweza kutoka safi kabisa huku ateri zake zimechakaa. Kipimo cha kukimbia kwenye mashine hunasa zaidi ateri ambayo tayari imebanwa sana. Lakini shambulio la moyo huweza kuanzia kwenye plaki ndogo isiyobana chochote: inapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba. Juni 18, 1972, ndege aina ya Trident ilianguka karibu na Staines, Uingereza, dakika chache baada ya kuruka kutoka Heathrow. Wote 118 walikufa. Uchunguzi wa maiti ulikuta ateri za moyo za nahodha, mwenye miaka 51, zimeharibika vibaya.

Tangu Novemba 2006 kanuni za kimataifa zinaruhusu rubani wa ndege ya abiria kufika miaka 65 akiwa na mwenzake, na akivuka 60 anapimwa afya kila miezi 6. ECG ni lazima. Ultrasaundi ya ateri si lazima.

Kwenye skrini naangalia mambo mawili. Unene wa ukuta wa ateri ukizidi milimita 1.5, hiyo ni plaki. Kisha Dopla, sehemu ya ultrasaundi inayofuatilia mwendo wa damu, inanipa kasi yake, kwa sababu damu hukimbia panapobana, kama maji ya mpira ulioukandamiza mdomo. Ikizidi sentimita 125 kwa sekunde, nashuku nusu ya njia imezibwa au zaidi.

Wataalamu wa Marekani wa kuzuia magonjwa wanashauri watu wasio na dalili wasipimwe shingo ovyo, kwani majibu ya uongo huwapeleka watu kwenye upasuaji wasiouhitaji. Nakubaliana nao. Ila mimi sitafuti wa kupasuliwa. Natafuta wa kuanzishiwa statini, dawa za kushusha kolesteroli, kushushiwa presha na kuachishwa sigara wakati bado anaruka.

Nahodha wangu alikuwa na plaki moja upande wa kushoto, milimita 1.9, kasi ya kawaida. Leseni anayo. Nimemwandikia arudi baada ya mwaka, mashine ileile, tupime palepale.