"Tukishinda zabuni, mkataba tutauzungumza": dhana inayowagharimu wazabuni

"Basi wakili, tuandikie barua wakibadilishe kifungu hiki." Anayeniambia hivyo huwa ameshashinda zabuni, ana rasimu ya mkataba mkononi, na ndiyo kwanza amegundua kwamba fidia ya ucheleweshaji haina ukomo, au kwamba atalipwa siku 90 baada ya ankara kukubaliwa. Anadhani mazungumzo ndiyo yanaanza, kumbe yalikwisha siku ya mwisho ya kuwasilisha zabuni.

Kampuni binafsi zikifanya biashara, hukubaliana bei kwanza, kisha mawakili wakavutana juu ya vifungu. Ununuzi wa umma hauendi hivyo. Rasimu ya mkataba, pamoja na masharti ya jumla na masharti mahususi, ni sehemu ya nyaraka za zabuni, na kwa kutia saini fomu ya zabuni umeshayakubali. Sheria ya Mfano ya mwaka 2011 ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, inakataza waziwazi, katika ibara ya 44, majadiliano kati ya taasisi nunuzi na mzabuni kuhusu zabuni aliyowasilisha. Huo si ukaidi wa maofisa. Pengine kampuni fulani ilikisoma kifungu hicho hicho unachotaka kibadilishwe, ikaona hakibebeki, ikakaa pembeni. Nyingine ilikubali kukibeba, ikaongeza bei ili kujikinga, nawe ukaishinda kwa sababu ya bei yake hiyo iliyoongezwa. Leo ukiondolewa kifungu peke yako, kampuni zote mbili zimedhulumiwa.

Na kusaini kwanza ili mrekebishe baadaye hakusaidii. Mwaka 2008, katika shauri la pressetext, wakala wa habari wa Austria, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba badiliko ambalo lingeruhusu wazabuni wengine kuingia, au zabuni nyingine kukubaliwa, kama lingekuwapo tangu mwanzo, ni badiliko la msingi. Mkataba uliobadilishwa hivyo huhesabika kama mkataba mpya, nao unatakiwa kushindaniwa upya.

Wajanja huambatisha masharti yao kwenye zabuni. Kamati ya tathmini ikiona mkengeuko wa msingi, zabuni inaondolewa kabla bei haijalinganishwa. Wengine hugoma kusaini, na hao hupoteza dhamana ya zabuni, yaani fedha au hati ya benki waliyoiweka walipowasilisha zabuni.

Nafasi yako ya kuzungumza ni kipindi cha ufafanuzi, kabla zabuni hazijafungwa. Uliza kwa maandishi na mapema. Majibu hupelekwa kwa wazabuni wote bila kutaja aliyeuliza, kwa hiyo woga wa kuonekana msumbufu hauna msingi. Usiandike "kifungu hiki ni kikali", andika "je, taasisi itakubali fidia ya ucheleweshaji iwe na ukomo wa asilimia kadhaa ya thamani ya mkataba?" na uipendekeze asilimia yenyewe. Wakikataa, tia gharama ya hatari hiyo kwenye bei, au acha zabuni ipite. Nimechoka kusema hili: soma mkataba kabla mkadiriaji hajafungua jedwali la bei. Kweli, miradi ya ubia kati ya serikali na sekta binafsi na huduma za ushauri elekezi mara nyingi huwa na hatua halali ya majadiliano, lakini nayo ina mipaka iliyotajwa kwenye nyaraka, na mgawanyo wa hatari uliokwisha kutangazwa haugeuzwi juu chini.

Dhana nyingine potofu nazitaja kwa ufupi.

Bei ya chini haishindi yenyewe. Hushinda bei ya chini ya zabuni iliyokidhi masharti, au zabuni yenye alama za juu pale ubora unapopewa uzito. Na bei iliyo chini mno inaweza kukataliwa baada ya kutakiwa maelezo.

Barua ya kukujulisha kwamba umechaguliwa usiipeleke benki kuombea mkopo wa mitambo. Isome kwanza. Mara nyingi ni taarifa ya kusudio la kukupa mkataba tu, na nyuma yake kuna kipindi cha kusubiri malalamiko ya wengine.

Kuhusu ubia, naona maofisa wa serikali wakijisifu kwamba "mwekezaji amebeba hatari zote". Amezibeba kwa bei. Ukimbebesha kuchelewa kwa ardhi ambayo ni serikali pekee inayoweza kuitwaa, ataongeza gharama yake kwenye tozo kwa miaka yote ya mradi.

Halafu kuna wanaoogopa kulalamika wasije wakafungiwa kushiriki zabuni. Kampuni hufungiwa kwa rushwa, udanganyifu na makosa ya aina hiyo. Kutumia haki ya kuomba mapitio ya uamuzi wa zabuni si mojawapo. Ogopa kalenda. Katika Umoja wa Ulaya, taarifa ya uamuzi ikitumwa kwa njia ya kielektroniki, muda wa chini wa kusubiri kabla ya kusaini ni siku 10 tu. Niletee barua siku hiyo hiyo unayoipokea. Ukija baada ya mkataba kusainiwa na mshindani wako, mahali pengi kitakachobaki ni kudai fidia, si kazi yenyewe.