Maji Maangavu Bwawani Si Ushahidi wa Usalama
Wengi hudhani kwamba bwawa la kutuamisha tope kwenye mgodi wa wazi linafanya kazi ipasavyo mradi maji yanayotoka ni maangavu. Sivyo. Maji yenye asidi kali, yatokanayo na madini ya salfaidi (yaani yenye salfa) kukutana na hewa na mvua, huweza kung'aa kama ya chemchemi huku yamebeba chuma na alumini iliyoyeyuka; ndiyo maana maji yatokayo kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Marekani hupimwa pia pH, yaani kipimo cha uasidi, inayotakiwa kuwa kati ya 6 na 9. Tena mkaguzi makini, kabla hata ya kuchota sampuli, huchunguza kina cha tope, kwani bwawa lililokwisha kujaa nusu halitayashikilia maji ya mvua kubwa muda wa kutosha tope kutuama.