Soma Tundu Kabla ya Kubandika Kiraka

Kijana mmoja wa bodaboda kutoka Likoni alituletea gurudumu la nyuma la pikipiki yake kwenye karakana ya chuo, hamaki zimemjaa. Wiki moja, pancha tatu. Kila mara alizibiwa, akalipa, akaondoka, na kesho yake tairi i chini tena. Alikuwa ameshaamua kwamba mafundi wa pancha wanamwibia. Tukaitoa tyubu, tukaijaza upepo, tukaizungusha mbele ya macho yake. Ilikuwa na viraka vitano, na vyote vilikuwa upande wa ndani, ule unaolalia rimu. Hata wanafunzi wetu wa muhula wa kwanza walijua papo hapo kwamba barabara haikuwa na hatia. Msumari wa barabarani hauzunguki ukaingia kwa mgongo.

Kwa miaka niliyofundisha ufundi wa pikipiki hapa Mombasa, naona kosa letu kubwa kwenye pancha ni haraka ya kuziba. Tundu likionekana tu, kiraka kinabandikwa. Lakini mahali tundu lilipo na umbo lake hukwambia lilitoka wapi, na usipoling'amua hilo utaziba leo na kuziba tena kesho.

Nianze na kisa cha yule kijana, kwa sababu sisi watu wa pwani kinatuhusu kuliko wengine. Pikipiki nyingi za bodaboda zina rimu za spoki. Kila spoki hupita kwenye tundu la rimu na kushikwa na nati ndogo, kwa hiyo rimu yenyewe haiwezi kuzuia upepo, na ndiyo sababu ndani ya tairi huwekwa tyubu. Kati ya tyubu na vichwa vya nati zile hupita mkanda wa mpira. Sasa tazama mazingira yetu. Hewa ya bahari ina chumvi, na pikipiki nyingi huoshwa kwa maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za kisiwani nayo yana chumvi. Maji hayo hupenya kwenye matundu ya spoki na kando ya valvu, yakatuama ndani ya rimu. Chuma kinashika kutu, kutu inabanduka magamba yenye makali, mkanda unachakaa na kuchanika, na ncha ya spoki iliyokazwa kupita kiasi inachomoza. Tyubu iliyojaa upepo inasukumwa juu ya makali hayo mchana kutwa. Hata ukiibadilisha mara kumi, itatoboka mara kumi.

Dawa yake ni kuisugua rimu kwa brashi ya waya na msasa, kuzipiga tupa ncha za spoki mpaka zilingane na nati zake, kupaka rangi ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke, kisha kuvalisha mkanda mpya. Ukikosa mkanda wa dukani, pete iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya saizi ileile inafanya kazi vizuri. Rimu iliyoliwa na kutu mpaka ikatoboka haina matibabu. Na baada ya kuosha kwa maji ya kisima, imwagie pikipiki ndoo moja ya maji ya mfereji. Najua maji ya mfereji hapa kwetu hayapatikani kila siku, lakini ndoo moja ni rahisi kuliko rimu.

Tundu likiwa upande wa nje, ule unaogusa tairi, mshukiwa ni barabara: msumari, kipande cha waya, kigae cha chupa. Pande za Changamwe, Kibarani na Shimanzi, ambako malori ya makontena hayakatiki, vipande vya chuma havikosi ukingoni mwa lami. Msimu wa mvua pancha huzidi kwa sababu maji hulainisha njia ya kitu chenye ncha kupenya mpira. Hapa kazi haijaisha ulipoliona tundu; lazima ukipate kilichotoboa. Kabla hujachomoa tyubu, tia alama ya chaki kwenye tairi mkabala na valvu. Ukishalipata tundu, ilaze tyubu juu ya tairi, valvu ikitazamana na chaki, nawe utaona pa kutafuta. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, usipitishe vidole vitupu. Kitambaa kitanasa penye ncha.

Ukiona mipasuko miwili midogo iliyokaa sambamba, tyubu imebanwa kati ya tairi na rimu. Ama tairi lilikuwa na upepo haba likaingia shimoni na abiria na mzigo, ama fundi aliibana kwa chuma cha kubandulia tairi alipokuwa akirudisha. Pancha inayotokea nusu saa baada ya kuzibwa mara nyingi ni ya namna hiyo.

Tundu kwenye shina la valvu, au valvu iliyolala upande, maana yake tairi limekuwa likiteleza juu ya rimu kwa uchache wa upepo na kuivuta tyubu. Hapo pasibandikwe chochote, nunua tyubu nyingine. Na pengine hakuna tundu kabisa. Paka mate au maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu, ukiona povu linavimba, kaza au badilisha kijiti cha ndani cha valvu, ukakirudishe na kifuniko chake. Vifuniko hivyo tunavitupa kama vya chupa ya soda, ilhali ndivyo vinavyozuia mchanga usiingie.

Pancha ikikupata ukiwa mwendoni, usikanyage breki kwa ghafla. Punguza mafuta, shika usukani sawasawa, na ukihitaji breki tumia ya gurudumu lililo zima: la mbele likipasuka, breki ya nyuma, na la nyuma likipasuka, breki ya mbele kwa upole. Toka kabisa barabarani ndipo uteremke. Kisha sukuma pikipiki. Ukiiendesha bila upepo mpaka kwa fundi utafika na tyubu iliyosagika, valvu iliyong'oka, na pengine tairi lililokatika nyuzi za ndani. Shilingi chache za kiraka zimegeuka bei ya tyubu na tairi.

Kuziba kwenyewe kuna namna mbili. Kwa gundi baridi, izamishe tyubu majini, zungushia alama penye mapovu, ikaushe vizuri, isugue kwa msasa mpaka mng'aro wa mpira utoke, kisha paka gundi eneo pana kuliko kiraka. Sasa subiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Gundi ile hushika baada ya kimiminika chake kuruka hewani, si ikiwa mbichi. Iguse kwa mgongo wa kidole, isipokushika ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza kutoka katikati kwenda ukingoni.

Namna ya pili ni ya moto, ile ya pistoni kuukuu iliyobanwa juu ya kiraka kibichi, ikatiwa mafuta kidogo na kuwashwa. Wapo wanaoicheka kuwa ya kizamani, lakini elimu iliyo ndani yake ni ileile aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, kwamba mpira uliochanganywa na salfa ukipata joto hukomaa na kuwa imara. Kiraka cha moto kilichopikwa vizuri huwa kitu kimoja na tyubu. Hatari yake ni kuunguza: mpira unaokizunguka ukiwa mgumu na wenye nyufa, utapasuka pembeni ya kiraka. Na mafuta yale yasimiminwe wakati moto bado unawaka.

Tyubu yenye kiraka juu ya kiraka, yenye mikunjo ya kudumu, au yenye mpasuko mrefu kuliko upana wa kidole, itupwe. Magurudumu ya rimu nzima zisizo na spoki, yanayotumia tairi zisizo na tyubu, yana masharti yake: msumari usiuchomoe mpaka ufike kwa fundi, na tundu la ubavuni halizibwi.

Tairi lenyewe hubadilishwa lini? Tafuta herufi TWI ubavuni. Mkabala nazo, ndani ya mifereji ya tairi, kuna vinundu vidogo, na meno yakiisha hadi kulingana navyo, tairi limekwisha. Kuchonga mifereji mipya kwenye tairi kipara ni kujipunja, kwani unapunguza mpira uliobaki kufunika nyuzi. Badilisha pia likiwa na uvimbe, nyuzi zikionekana, au likiwa na mpasuko ubavuni. Kipande cha tairi kuukuu kilichowekwa ndani kufunika mpasuko kikufikishe nyumbani tu, kisikubebee abiria.

Unaponunua, soma tairi. Tairi la 3.00-17, saizi ya kawaida ya nyuma, likiandikwa 50P, ile 50 ni uwezo wa kubeba kilo 190 na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa ubavuni unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililoanikwa juani mlangoni mwa duka miaka mitano, hata kama halijagusa lami, mimi silinunui. Mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia, na tairi jipya livalishwe tyubu mpya. Kilomita 100 za mwanzo endesha taratibu, maana ngozi ya tairi jipya huteleza.

Wakati wa kurudisha, tia tyubu upepo kidogo ipate umbo, paka ukingo wa tairi maji ya sabuni, si oili wala grisi, ambazo hula mpira. Upande ulioingia ukandamize kwenye bonde la katikati ya rimu, sehemu ya mwisho itaingia bila kutumia nguvu. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au kitabu chake, na upime asubuhi tairi likiwa baridi. Joto la tairi likipanda nyuzi 10, presha huongezeka kati ya psi 1 na 2, kwa hiyo usipunguze upepo adhuhuri kisha ukashangaa alfajiri tairi limelegea.

Gurudumu la nyuma likisharudi, hakikisha cheni haikukaza sana, nati ya ekseli imekazwa, na ule mkono unaozuia ngao ya breki isizunguke umefungwa pamoja na pini yake. Halafu kanyaga breki mara mbili tatu kabla hujapandisha abiria. Pedali ikishuka bila kushika, fimbo ya breki haijarudishiwa nati yake.