Mboga nyingi kwa hela kidogo: anzeni na majani

Hela ya mboga ikiwa ndogo, wengi hukimbilia kabeji. Naelewa: ni kubwa, inakaa siku kadhaa bila kunyauka, na moja inatosha kupika mara mbili. Lakini mimi kama mshauri wa lishe, hela hiyo hiyo ningeipeleka kwenye majani ya kijani kibichi: matembele, mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga. Yanaipita kabeji mbali sana kwa vitamini A, yana madini ya chuma, na msimu wa mvua fungu lake huwa la bei ya chini kabisa sokoni. Matembele hata si lazima ununue. Chomeka shina kwenye kiroba chenye udongo, mwagilia, litachipua.

Shida ni kwamba tunayapika kama chakula cha adhabu. Yanachemshwa hadi yanapauka, maji yanamwagwa, yanatiwa chumvi, basi. Mtoto akikataa simlaumu hata kidogo.

Jaribuni majani ya maboga kwa karanga. Kwa watu watano au sita chukua mafungu matatu. Vunja kikonyo kwenye ncha, kisha vuta taratibu: nyuzi zitachunika hadi kwenye jani lenyewe. Hapa usione uvivu, maana nyuzi hizo ndizo zinazokwama kooni na kufanya watoto wateme. Osha kwanza ndipo ukate, kwa sababu vitamini C huyeyuka kwenye maji. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya mbili mpaka zirojeke, weka majani na maji kiasi tu, funika. Yakishalainika, koroga nusu kikombe cha karanga za kusaga kwenye maji ya uvuguvugu, mimina, punguza moto. Usiache mwiko, karanga hushika chini upesi. Rojo likiwa zito, epua na ukamulie ndimu.

Hapo kila kitu kina kazi. Mafuta ya karanga yanausaidia mwili kufyonza vitamini A, ndimu inasaidia kufyonza madini ya chuma ya kwenye majani, na protini ya karanga ndiyo inayofanya ugali ukae tumboni bila nyama.

Ila kwenye karanga msibane matumizi kupita kiasi. Zile za bei ya kutupa, zilizosinyaa au zenye ukungu, zinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha. Nunueni nzima, mchambue wenyewe, ndipo msage. Unga wa karanga uliokwisha sagwa huwezi kujua umetoka kwenye karanga gani.

Magadi nayo nayapinga. Ni kweli yanalainisha na kuacha mboga kijani, lakini yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B.

Kisamvu ni habari nyingine kabisa. Majani ya muhogo mabichi yana kemikali inayotoa sayanidi, kwa hiyo lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, sufuria likiwa wazi. Haraka haraka haifai hapa.

Na huo muda mrefu unakula mkaa, gharama ambayo wengi hawaihesabu wanapopanga bajeti. Kwa hiyo siku ya kisamvu ipange pamoja na kunde. Ziloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji, zichemshe mpaka ziive nusu. Weka kisamvu kilichotwangwa jikoni, kikishachemka vya kutosha changanya na kunde, ongeza kitunguu na tui la nazi. Mkaa ni ule ule, na sufuria hilo moja linalisha nyumba mchana na usiku. Asiye na friji achemshe tena kinachobaki mpaka kitokote, na kisilale hadi kesho.