Vifo vya watoto wachanga Uingereza, 1914–1918: soma kwanza wamegawanya kwa nani

Ukikabidhiwa taarifa ya vifo ya daktari wa afya wa mji wowote wa Uingereza ya mwaka 1916, usikimbilie kiwango cha vifo vya watu wote. Mimi huuliza kwanza: wamegawanya vifo kwa idadi ya nani? Vijana wenye afya wameenda vitani. Kijana akifia Ufaransa hamo kwenye rejesta ya mji, na kwenye hesabu ya wakazi alishatolewa. Waliobaki ni wanawake, wazee, watoto na wale waliokataliwa na madaktari wa jeshi. Kiwango kinapanda hata kama hakuna ugonjwa mpya uliobisha hodi.

Vifo vya walio chini ya mwaka mmoja havina tatizo hilo, maana hugawanywa kwa watoto waliozaliwa hai mwaka huohuo. Na hapo ndipo watu hushangaa. Katika England na Wales vilikuwa 130 kwa kila 1,000 mwaka 1911, vikawa 91 mwaka 1916. Hata mwaka 1918, mafua makali yalipopita, vilikuwa 97.

Basi vita viliokoa watoto? Polepole. Anayeanzia 1911 amechagua mwaka wenye kiangazi cha joto kali. Nzi walizaliana kwenye samadi ya farasi mitaani, maziwa yakakaa wazi, na chupa nyingine za kunyonyeshea zilikuwa na mrija mrefu wa mpira ambao hakuna brashi iliyoweza kuusafisha ndani. Watoto wa chupa wakaisha kwa kuharisha. Mwaka uliofuata kiangazi kilikuwa cha baridi na mvua, kiwango kikashuka hadi 95, na vita bado. Linganisha na 1917: 96.

Kwa hiyo vifo vilikuwa vinashuka tayari, na vita, vilivyostahili kuvipandisha, havikuvipandisha. Wengi husifu kliniki na wahudumu waliopita majumbani, hasa baada ya sheria ya 1915 kulazimisha kila uzazi utolewe taarifa haraka. Walisaidia, sikatai. Ila mimi naupa uzito zaidi mkono wa mama: posho ya mke wa askari iliyofika kila wiki, bila kupitia baa kwanza, na ujira wa viwanda vya silaha. Tena nyumba nyingi zilikuwa na mtoto mchanga mmoja pungufu.

Hilo la mwisho huharibu hoja nyingi. Chukua, kwenye jedwali la sababu za vifo, safu ya watoto "waliokosa pumzi kitandani", yaani waliodhaniwa kulaliwa na wazazi, vifo vilivyojulikana kwa kuzidi usiku wa Jumamosi. Saa za baa zilipokatwa na bia kupunguzwa ukali, vifo hivyo vikapungua sana, na wapinga pombe wakashangilia. Lakini vizazi navyo vilishuka kutoka kama 879,000 mwaka 1914 hadi kama 663,000 mwaka 1918. Upungufu wa kama robo tayari umejieleza kwa hilo tu. Na huenda baadhi ya watoto hao hawakulaliwa na mtu; leo tungeandika kifo cha ghafla cha usingizini.

Wakati huohuo kifua kikuu kiliongezeka, hata kwa wasichana. Na wastani wenyewe unaficha mengi: watoto waliozaliwa nje ya ndoa waliendelea kufa karibu mara mbili ya wenzao.